Chumba cha Majivu

Alikuwa analamba mawe. Naanzia hapo kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichomwona akifanya. Wengine wakimsimulia huanza na ukali wake, na kwa kweli hawasemi uongo. Siku niliyoripoti shuleni, mwalimu mpya wa kemia, cheti cha chuo kikuu kimo kwenye bahasha hakijakunjwa hata kona, nilimkuta nyuma ya maabara ameshika kijiwe cha kijivu. Akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni, akafikiri. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuniangalia, kisha akanikabidhi kile kijiwe.

"Onja. Halafu uniambie kina chumvi au kina chokaa."

Nilionja kwa heshima tu, maana umri wake ulikuwa wa mama yangu. Sikujua ni chumvi au chokaa. Akanipa pole, akasema chuoni wamenionea, akarudi ndani kuosha vyombo vyake.

Wanafunzi walimwita Mama Maabara, nasi walimu tukafuata. Kwenye barua yake ya ajira alikuwa mhudumu: kuosha chupa, kupanga kemikali, kufunga madirisha. Darasani hakufika mbali, na hakuona haya kulisema. Tulifanya kazi chumba kimoja zaidi ya miaka kumi, katika shule ya bweni iliyo juu ya barabara ya Olmotonyi, na ninakiri kwamba mengi ninayowafundisha watoto leo niliyapata kwake, si kwenye ile bahasha.

Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye madoa meusi karibu na fizi. Wapo watu wa milimani wanaocheka wakiwa wamejifunika mdomo kwa kiganja. Yeye alicheka wazi. Zaidi ya hapo, kila mwaka kidato cha kwanza kilipofika kwenye mada ya maji, aliniomba dakika tano, akasimama mbele, akafungua mdomo, na wanafunzi wakapita kwa mstari kuangalia.

"Hayajaoza haya," aliwaambia. "Mlima una madini yanaitwa floridi. Maji yanapita kwenye mwamba, yanayabeba, yanakuja kwenye chemchemi ya kwetu, mimi nakunywa nikiwa mtoto, meno yangu yanaota nayo. Watu wa mbali wakija Arusha wanadhani hatujui mswaki. Ukubwani maji yanakuwa yameshamaliza kazi. Mtoto ndiye wa kuangaliwa."

Halafu alitoka nje kwenda kunusa ugoro wake. Nilimwambia siku moja, kwa ujeuri wa ujana, kwamba ugoro huo umechanganywa na magadi, na magadi ya huku yana floridi hiyohiyo anayoihubiri. Akapiga chafya, akajifuta, akasema anajua. Makande yake pia aliyapika kwa magadi. "Nifundishe wewe kupika makande bila magadi yakaiva kabla ya jua kuzama," alisema, "nami nitaacha kesho." Makande yake yalikuwa matamu.

Alikuwa na swali moja, na aliliuliza mpaka likatuchosha: kimekwenda wapi? Ukichemsha maji na chumvi, maji yakaisha, alikuuliza chumvi imekwenda wapi, maji yamekwenda wapi. Ukimwaga tindikali kwenye sinki alikuja nyuma yako na swali hilo, akakuburuta hadi nje kukuonyesha mahali bomba linapotokea, pale kwenye magimbi ya jirani. Mkuu wa shule alipopoteza funguo za gari, aliulizwa swali hilo hilo kwa sauti hiyo hiyo, na nadhani hakupenda.

Kuhusu moto alikuwa na msemo wake mwenyewe. "Moto hauli madini," alisema. "Unakula ukuni. Madini ama unayaacha chini, ama unayapeperusha." Ndiyo sababu alikuwa na rafu nzima ya chupa za jemu zenye majivu. Jivu la mgrevilea, la mikaratusi, la magunzi ya mahindi, la mibuni mikavu, la kinyesi cha ng'ombe kutoka boma moja huko chini. Kila chupa ilikuwa na karatasi: siku, jiko lilikotoka, na jina la aliyeleta. Kwenye lebo alikuwa mkorofi kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Mwanafunzi akileta jivu na kusahau limetoka jiko gani, linamwagwa.

Mfukoni mwa koti lake jeupe alikuwa na sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio. Aliipitisha juu ya mchanga wa mfereji, juu ya unga wa posho, juu ya vumbi la madirishani. Nilimuuliza anatafuta nini. Alisema hatafuti kitu, anaangalia tu nani yumo.

Sasa nije kwenye makaa ya mawe. Tulipoambiwa shule kubwa ziachane na kuni, shule yetu ilijenga majiko mapya yenye bomba refu la moshi, na lori likaja na shehena kutoka kusini. Wanafunzi waliokuwa kwenye adhabu ndio walioshusha. Haikupita saa moja, kidato cha pili kizima kilikuwa na mifuko iliyovimba. Ndani ya yale makaa meusi mlikuwa na vichembe vya njano vinavyong'aa, na watoto wa Arusha, mji ambao kila ukoo una dalali wa mawe ya thamani, hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alimpelekea mjomba wake, dalali wa mjini, kipande kilichofungwa kwenye kitambaa. Nasikia mjomba alikigeuza mara tatu kabla ya kucheka.

Mama Maabara hakumchapa mtu. Aliwakusanya, akaponda kipande kimoja, akakitia kwenye kibakuli cha udongo juu ya moto. Harufu kali ya kiberiti ikajaa chumba, tukakohoa wote. Chini kikabaki kitu chekundu cha kahawia kama kutu ya jembe.

"Dhahabu haina harufu," alisema. "Hiki ni chuma kilichoungana na salfa. Sasa chuma mnakiona, kimebaki hapa. Salfa imekwenda wapi?"

Wakaonyesha pua zao.

"Na jikoni, ambako kila siku tunachoma toroli nzima?"

Wakageuka wote kuangalia dirishani, lile bomba la moshi. Juu ya paa la jiko, moshi ulikuwa unatulia kidogo kabla ya kuelekea kwenye miti ya misindano. Na paa hilo ndilo lililokuwa linakinga maji ya mvua ya tangi la wapishi. Jioni ile alipanda ngazi mwenyewe, na umri wake ule, akaung'oa mfereji wa bati usimwage tena kwenye tangi. Mkuu wa shule alifoka. Mvua mbili tatu baadaye mabati yaliyo karibu na bomba yalianza kushika kutu wakati mengine bado yanawaka, na hapo mkuu akaacha kufoka. Hakumwomba radhi lakini.

Hilo ndilo ninalopenda kusimulia. Linalofuata sijawahi kumsimulia mtu.

Pale shuleni palikuwa na desturi ya zamani kuliko sisi sote. Kila Jumamosi asubuhi kina mama wa vijiji vya chini walipanda na ndoo na viroba kuchukua majivu ya jikoni. Majivu yalikwenda kwenye migomba, yalikwenda kusugulia sufuria, na zaidi ya yote yalikwenda kwenye maharage ya mbegu. Unachanganya maharage na jivu ndani ya debe, unafunika, na wadudu hawayagusi mpaka msimu ujao. Mgawaji alikuwa Mama Maabara, na daftari lake. Hakukuwa na malipo. Mara mojamoja mkungu wa ndizi ulitokea chumba cha walimu bila maelezo.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuhamia makaa ya mawe alinifuata mezani kwangu. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya majaribio, rundo limefika kidevuni. Akasimama, kibakuli cha jivu mkononi, jivu la kijivu chepesi lenye wekundu kidogo.

"Mwalimu, na haya tuwagawie?"

Sikuinua kichwa. Nilisema, "Majivu ni majivu, Mama. Wape."

Akasimama kidogo. Najua alisimama kwa sababu niliona kivuli chake kwenye karatasi ya mwanafunzi. Kisha akaenda, akawapa, kwa sababu mwenye shahada nilikuwa mimi. Akawapa Jumamosi tano.

Katikati ya wiki ya sita alinijia na bakuli mbili za maji, kila moja imelowekwa jivu lake. Akaniambia nitie vidole. Maji ya jivu la kuni yaliteleza kama sabuni, kama yanavyoteleza siku zote. Maji ya jivu la makaa ya mawe hayakuteleza hata kidogo. Akatoa sumaku, akaipitisha juu ya jivu lile kavu, ikainuka imevaa vipunje vyeusi.

"Hili si jivu letu," alisema. "Jivu la kuni linarudisha shambani kilichotoka shambani. Hili limetoka chini kabisa huko kusini, halijawahi kuishi hapa. Limekuja na nani?"

Ndipo nikafungua vitabu, kazi ambayo ningeifanya Jumamosi ya kwanza kwa dakika kumi. Makaa ya mawe yamebeba kidogo kidogo cha kila kitu: aseniki, risasi, zebaki, floridi. Ndani ya kipande kimoja ni kidogo mno, hata hukioni. Lakini ukichoma gunia zima, kinachokataa kuungua kinajikusanya kwenye ndoo moja ya jivu. Zebaki nyingi inakimbia na moshi. Aseniki na risasi sehemu kubwa inabaki, na mvua ikinyeshea jivu, nyingine inaanza safari. Nilimsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kitu kimoja tu: maharage ya mbegu, yakibaki, watu si wanayala?

Wanayala. Kila nyumba inayala, na watoto wakiwemo.

Alimtumia kifurushi mwanafunzi wetu wa zamani aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya kweli. Jibu lilikuja na neno "inategemea". Vilikuwemo vyote tulivyoviogopa. Kiasi hakikuwa cha kumwangusha mtu, wala hakikuwa cha kuweka kwenye chakula cha mtoto. Mwanafunzi wetu alisema kama ni kwake, angeyaondoa.

Mama Maabara hakungoja kikao. Alichukua daftari lake, akaazima toroli la bustani na ndoo tupu za rangi zenye vifuniko, akashuka kijijini nyumba kwa nyumba. Nyumba kumi na tisa. Aliomba arudishiwe majivu. Fikiria mwenyewe: mtu mzima, anayeheshimika, anagonga mlango kuomba jivu. Aliyochanganyika na maharage aliyapepeta hapo hapo uani, akayaosha maharage mara tatu, maji yake akayarudisha kwenye ndoo. Yaliyokwishamwagwa kwenye migomba aliyakwangua kwa mwiko kabla mvua haijayashusha.

Aliniomba niende naye. Nilimwambia nina mitihani.

Niliyasikia kutoka kwa mke wa mlinzi wetu, aliyekuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Kwamba kila mlangoni alisema maneno yale yale: "Nimekosea mimi. Nilidhani majivu ni majivu." Mke wa mlinzi alinihadithia huku akicheka kidogo, anashangaa mwanamke mwenye akili vile kukosea kitu hicho. Nilicheka naye. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Kumi na nane walirudisha. Aliyekataa alikuwa bibi mmoja, rafiki yake tangu usichana wao, aliyekuwa akiimba naye sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa la Kilutheri, benchi moja, kitabu kimoja cha nyimbo. Bibi yule alikuwa akilea mjukuu ambaye meno ya utotoni ndiyo kwanza yanatoka. Na debe lake la mbegu lilikuwa limejaa jivu hadi juu.

"Ulinipa kwa mkono wako mwenyewe," bibi alisema. "Leo unakuja kunipokonya mbele ya watu, mimi nimekuwa mchafu?"

Mama Maabara alirudi kesho yake na debe la maharage yake mwenyewe, mbegu yake yote ya mwaka ule, akaliweka mlangoni, akaomba wabadilishane. Bibi alichukua debe, akasukuma lile lingine nje kwa mguu. Jumapili iliyofuata alihamia benchi la nyuma. Mwaka ule Mama Maabara alipanda mahindi matupu.

Baada ya hapo majivu ya jikoni yakaanza kuzikwa kwenye shimo lililosakafiwa kwa saruji na kuezekwa, yeye ndiye aliyelipigania mpaka likajengwa. Mimi na yeye tukaendelea na chumba kimoja, chupa moja ya chai. Hakuniambia neno. Nilingoja aseme. Siku moja moja nilidhani amesahau, halafu nilimwona anabandika lebo, taratibu, jina la aliyeleta likiwa na mstari wake, na nikajua hajasahau kitu.

Alistaafu. Nikahamia shule ya mjini, nikajenga Kimandolu. Simu za sikukuu zikawa nyingi kuliko miguu, unajua inavyokuwa. Mwaka huu, baada ya mvua za masika, nilisikia anaumwa miguu, nikachukua sukari na majani ya chai, nikaenda.

Nilimkuta amekaa uani, kachakaa, lakini sumaku ilikuwa kwenye mfuko wa sweta. Nikasema shikamoo Mama. "Marahaba mwalimu wangu," akasema, "umenenepa." Tukanywa chai. Akaniuliza kama bado nafundisha mada ya maji, nikasema ndiyo, akauliza naonyesha meno ya nani. Nikasema ya kwenye picha. Akatikisa kichwa, akaonekana kunihurumia.

Halafu akaniomba nimwinue. Tukaenda polepole hadi chumba cha mwisho cha nyumba yake ndogo, chumba ambacho mtu mwingine angempangisha mwalimu. Akafungua kufuli. Ndani, juu ya mbao zilizoinuliwa na matofali, zilipangwa ndoo za rangi, zimefunikwa, zimezungushiwa utepe wa plastiki wenye gundi. Pembeni, debe moja la zamani.

Sikuhitaji kuuliza, ila niliuliza. "Mama, uliyaweka haya miaka yote hii? Lile shimo la shule?"

"Lile la shule lilikuwa halijajengwa. Lilipojengwa walisema ni la majivu ya shule, si ya vijijini." Akaegemea ukuta. "Ningeyatupa wapi? Mtoni? Bondeni kwa watu? Ukitupa kitu si kwamba kimekwisha, kimekwenda tu kwa mwingine. Nikayaweka mahali ninapopajua."

Aliishi nayo. Alilala chumba cha pili kutoka hapo. Watoto wake wakija sikukuu walilala sebuleni.

Niliinama kusoma lebo. Siku. Jiko la shule. Jina la nyumba yalikotoka. Na mstari wa mwisho, kwenye kila ndoo, kwa mwandiko wake wa kubana: Aliyeruhusu. Mbele yake aliandika jina lake. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lile debe la maharage pia.

Nilichomoa kalamu mfukoni. Nilitaka kukata jina lake na kuandika langu.

"Usiharibu lebo," alisema nyuma yangu. "Rudisha kalamu. Sikukuleta kuandika. Mimi nikifa, watoto watavunja chumba, watamwaga haya shambani ndani ya siku mbili, maana kwao majivu ni majivu. Wewe una nyumba. Una chumba cha nje?"

"Ninacho, Mama."

"Sakafu ya saruji?"

"Saruji."

"Bati halivuji?"

Nilitaka kusema halivuji. Nilimwangalia usoni, nikasema linavuja kidogo, upande wa mlimani.

"Basi kaezeke kwanza," alisema, akafunga kufuli na kuurudisha ufunguo kwenye kifua chake. "Ukimaliza utakuja kuuchukua. Na ukiwa unakuja, upitie kwa yule bibi. Bado yuko hai, benchi la nyuma. Umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako."

Alikuwa amengoja miaka yote ile, na hakuinua sauti hata kidogo. Nikamshika mkono, tukarudi kwenye chai.

Mabati nimeshabadilisha. Juzi mvua ilinyesha nikaenda kusimama mle ndani na tochi, hakuna tone. Yule mjukuu, nasikia, sasa ni msichana mkubwa na anaimba sauti ya kwanza. Kesho ni Jumapili. Nitakwenda kanisani kwao, nitakaa benchi la nyuma karibu na bibi, na akisogea nitasogea naye.